Nilivyofundisha grafu kwa vifuniko vya soda kule Silanga, na kifuniko cha Akinyi kilichobaki kwangu

Wakuu, natumai mmeamka salama, na wale ambao hamjalala kabisa, poleni.

Nimekuwa msomaji wa humu kwa muda mrefu. Nacheka na nyuzi zenu za mapenzi na za majini, sichangii. Leo nimeamua na mimi niandike.

Haya ni mambo yangu mwenyewe na nitayaweka yalivyokuwa. Pale nisipokumbuka nitasema sikumbuki. Majina nimebadilisha. Kama unapenda kurukia mwisho, rukia tu, lakini usije kuniuliza swali ambalo nimeshalijibu katikati. Nimefundisha watoto miaka mingi, hiyo tabia naijua.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa msichana bado, nimetoka Maragoli kuja kutafuta maisha, nimepanga chumba Kawangware. Kazi niliyopata ilikuwa ya kufundisha darasa la pili kwenye shule ndogo ya mabati kule Silanga, ndani ya Kibera, karibu na lile bwawa tunaloliita dam.

Asubuhi natoka Kawangware kwa miguu, navuka Ngong Road, napita Ayany na zile nyumba zao za mawe, halafu naingia vijiji vya Kibera nateremka mpaka chini. Nikifika, viatu haviangaliki.

Madawati yetu yalikuwa ya kanisa. Ijumaa tunayarudisha kwa ajili ya ibada, Jumatatu tunayafuata tena. Watoto walikuwa wanabeba wakiimba, kama siafu waliopata kipande cha mkate.

Sasa, kuna wakati tuliitwa semina ya walimu wa shule za mitaa. Mkufunzi akatuambia tuache kuanza na namba ubaoni. Mwache mtoto akusanye vitu kwanza, avipange, avitazame, halafu aseme anaona nini. Akasema hata mtoto wa darasa la pili anaweza kuelewa grafu, anaweza kukusanya data, na anaweza kuelewa probability, yaani uwezekano wa jambo kutokea. Hilo neno la mwisho sikuwa nimelisikia tangu nimalize shule. Nilidhani ni la watu wa chuo kikuu.

Nilirudi na moto. Mkufunzi alikuwa ametupa mfano wa matunda, kwa hiyo nikasimama mbele ya darasa nikauliza, "Nani anapenda zabibu?"

Mikono yote juu.

"Nani amewahi kula zabibu?"

Mikono yote chini.

Hiyo ni data gani sasa? Nikaachana na matunda ya semina.

Nikatumia vifuniko vya soda. Hivyo vilikuwa vimejaa nje ya vioski na mabaa, bure, ni mtu kuinama tu. Watoto waliviokota, tukaviosha, nikavitoboa kwa msumari. Ukutani nikafunga nyaya zinaning'inia. Swali likiulizwa, kila mtoto anaenda anatia kifuniko chake kwenye waya ya jibu lake. Mwisho tunatazama waya ipi imejaa na ipi ina kidogo. Hiyo ndiyo grafu, wakuu. Upepo ukipiga kutoka dam, zile nyaya zinalia na watoto wanageuka wote kutazama.

Tuliuliza maji mnachota wapi. Tuliuliza jana usiku mlikula nini, na waya ya sukuma wiki ikafika sakafuni. Wakawa wanajua kusoma ile kitu kuliko mimi.

Kwa upande wa probability nilikuwa na mikebe mitatu ya mafuta ya kupikia, nimebandika karatasi. Mmoja umeandikwa LAZIMA, mwingine LABDA, wa tatu HAIWEZEKANI. Mtu anasema jambo, halafu kila mmoja anaenda kutumbukiza kifuniko kwenye mkebe anaoona unafaa.

"Mwisho wa mwezi landlord atakuja." Lazima. Hakuna aliyefikiria mara mbili.

"Kesho maji yatakuwa kwa mfereji." Labda.

"Ng'ombe atatufundisha hesabu." Haiwezekani, na vicheko mpaka mwalimu wa darasa la tatu anagonga mabati.

"Leo tutakula nyama." Nilitegemea waseme labda. Wote waliweka haiwezekani, bila huzuni yoyote, wakarudi kukaa.

Akinyi alikuwa humo. Msichana mdogo, shingo ndefu, sauti ya chini. Alikuwa na tabia moja iliyowaudhi wenzake. Akifika kwenye mikebe hatumbukizi haraka. Anasimama anafikiri. Foleni nyuma inapiga kelele, "Akinyi, weka!" Yeye ametulia tu. Na akishaweka, hata ukimwuliza kwa ukali, habadilishi. Nilimpenda sana huyo mtoto, siwezi kuficha. Mwalimu akikwambia hana mtoto anayempenda kuliko wengine anakudanganya.

Baba yake alishafariki. Alikuwa akiishi na mama yake na shangazi yake, dada ya marehemu baba, ambaye Silanga nzima tulimwita Nyar Ugenya, yaani binti wa Ugenya. Nyar Ugenya alikuwa anauza makaa pale njiani, mikono myeusi mpaka kwenye kiwiko, mdomo mkali. Nyumba yote ilikuwa juu yake kwa sababu mama Akinyi alikuwa mgonjwa.

Ugonjwa gani? Wakuu, ni miaka ya tisini. Watu walisema ni kifua, na wewe unaitikia kwamba ni kifua.

Hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri.

Nilitaka watoto wafanye grafu ya watu wanaolala nyumbani kwao. Lakini mimi ni Mluhya, na wengi pale walikuwa Wajaluo na Waluhya, na kwetu sote kuna jambo moja tunalolijua tangu utotoni. Mtu hahesabiwi. Ukimwuliza mama yangu ana watoto wangapi, atakwambia "wapo," au atawataja majina mmoja mmoja. Idadi hasemi. Ukihesabu watu ni kama unamwonyesha mtu fulani pa kuanzia kupunguza.

Sikutaka kuwakosea wazazi. Nikafikiria, nikapata njia. Nikawaambia watoto: nyumbani usihesabu mtu, usitaje namba. Chukua vifuniko, mpe kila mtu ashike chake, akurudishie kwa mkono wake mwenyewe. Anayelala amelala, mwache. Asiyetaka, mwache. Wewe leta tu ulivyopewa.

Nikatuma neno kwa wazazi. Wengine walicheka, wakasema mwalimu ana akili. Nyar Ugenya mwenyewe alitoa chake, kikaja na vumbi la makaa.

Na mama Akinyi akatoa. Akinyi alinieleza asubuhi hiyo, ameshika vifuniko kwenye ngumi.

"Hii ni ya mama. Alikaa nayo sana. Alikuwa anaipanguza na blanketi."

"Alisema nini?"

"Alisema, mwambie ticha mimi niko."

Nikatia vile vifuniko, cha mama, cha shangazi na chake, kwenye waya ya Akinyi, maana mara hii kila mtoto alikuwa na waya yake. Ilikuwa waya fupi kuliko zote darasani, na Akinyi aliiona. Kila akiingia alikuwa anaigusa kabla ya kukaa.

Jumamosi moja baadaye nilibeba unga wa uji nikaenda kumtembelea mama yake. Nilikaa kidogo tu. Alitaka kunyanyuka anisalimie nikamzuia. Mkono wake ulikuwa mwepesi na moto. Nilipotoka, Nyar Ugenya alinisindikiza mpaka kwenye mtaro, akanitazama, nikamtazama. Sote wawili tulijua.

Nilirudi Kawangware nikilia njiani.

Wiki iliyofuata tulikuwa kwenye mikebe. Siku hizo niliwaacha watoto watunge mambo wenyewe. Mmoja akasema kesho mvua itanyesha. Mwingine akasema timu ya Gor itashinda, tukapigana kidogo. Halafu Akinyi akanyoosha mkono, na Akinyi hakuwa mtu wa kunyoosha mkono.

"Mama atapona."

Watoto wale walijua. Mtoto wa Kibera hafichwi kitu, ukuta ni bati moja tu. Nao walikuwa wameshika vifuniko tayari, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyowazoesha. Jambo likisemwa, unaenda unaweka.

Nikamwona mvulana mmoja wa mbele amenyanyuka na anatazama mkebe wa tatu. Hakuwa na ubaya. Alikuwa anafanya hesabu.

Nikasema haraka, "Hiyo tunaweka Labda. Sisi sote. Labda."

Wakaja mmoja mmoja wakatumbukiza. Akinyi akawa wa mwisho. Alisimama pale kama kawaida yake, akanitazama mimi badala ya mikebe, halafu akaweka kwenye Labda. Akarudi kukaa.

Najua kuna mkuu humu ameshaanza kuandika kwamba mtoto aambiwe ukweli. Haya, wewe simama pale mbele. Shika wewe chaki. Mimi sijutii, na hata leo ningesema vile vile. Lakini kutojuta hakumaanishi hakuumi.

Mama Akinyi alifariki kabla ya mwezi kuisha.

Nilikwenda matanga. Wanawake walikuwa wamekaa nje, wanaume wanazungumza habari za gari la kumpeleka nyumbani, maana Mjaluo hazikwi Nairobi, lazima arudishwe kwao Siaya. Nilisalimia, nikapewa nafasi ya kukaa, lakini niliona wale wanawake wananitazama vibaya. Sikuelewa. Nilidhani ni uchungu tu.

Kesho yake nikiwa darasani mlango ukafunguliwa. Nyar Ugenya, na nyuma yake akina mama wengine, na Akinyi ameshikwa mkono.

"Ticha, wewe ulihesabu watu."

"Mama, sikuhesabu. Kila mtu alitoa kwa mkono wake. Hata wewe ulitoa."

"Na hizi zimening'inia hapa ni nini? Mtu akisimama hapa si anaona wenye wako wengi na wenye wako kidogo? Hiyo kama si kuhesabu ni nini?"

Nikageuka kuzitazama zile nyaya.

"Wewe si Mluhya? Kwenu watu huhesabiwa?"

"Hapana."

"Sasa sisi ulitufanyia hivi juu ya nini? Ulitundika ya kwetu hapo ikiwa fupi kuliko ya kila mtu. Na ikaenda ikawa fupi zaidi."

Sauti yake ilikatika hapo. Wakuu, yule mama hakuwa mjinga na msimcheke. Alikuwa amemwosha na kumlisha wifi yake, na usiku akikohoa anaamka naye. Alihitaji kuwe na sababu. Ugonjwa wenyewe haukuwa na jina la kutukanwa, lakini mimi nilikuwa na jina, na nilikuwa nimesimama pale na chaki.

Na mimi moyoni nilijua mama yangu kule Maragoli angesema maneno yale yale.

Mwalimu mkuu alikuja, akazungumza kwa upole, mwisho akakubali. Nyaya zishushwe. Kila nyumba ije ichukue vifuniko vyake, virudi mkononi kwa aliyevitoa. Wazazi walikuja mchana wote. Wengine walinipa pole, wengine hawakunisalimia. Ukuta ukabaki bati tupu lenye matundu ya misumari.

Waya ya Akinyi ilikuwa ya mwisho. Kabla sijaifungua nilimvuta Nyar Ugenya kando nikamwambia lile nililokuwa nimekesha nikiliwaza.

"Mkitoka kuzika, niachie huyu mtoto. Nitakaa naye Kawangware. Tutakuja shule pamoja asubuhi na tutarudi pamoja. Ana akili, mama. Akienda huko Siaya atapotea."

Nafikiri kama si ile grafu angekubali. Hiyo ni fikira yangu tu, sina ushahidi, lakini ndiyo inayoniamsha mpaka leo. Alikuwa amechoka, na hakuwa na kitu, na alinipenda kabla ya hapo. Angalikubali.

"Mtoto nikupatie wewe?" akasema. Hakupaza sauti. "Atazika mamake na atakaa kwao, na nyanyake. Huko hakuna mtu wa kumtundika kwa ukuta."

Nikafungua waya. Nyar Ugenya akachukua kifuniko chake akakitupa nje. Cha mama Akinyi alikichukua taratibu, akakifunga kwenye pindo la leso. Alisema kitaenda naye kaburini, kwa kuwa alikitoa kwa mkono wake na hakuna mwingine wa kukipokea.

Kikabaki cha Akinyi. Nikampa.

Shangazi alishaanza kutoka, anaongea na wenzake mlangoni kuhusu gari. Akinyi hakumfuata. Alienda kwenye kona ambako mikebe yangu ilikuwa. Mikebe haikuwa ya kuhesabu watu, kwa hiyo hakuna aliyeiulizia.

Akaniuliza kwa ile sauti yake ya chini, "Ticha, mimi kurudi hapa inaenda wapi?"

Nikapiga magoti nikawa sawa naye. Nilitaka kusema Labda. Neno lilikuwa mdomoni kabisa. Ndilo nililokuwa nalo.

Yeye akatazama mkebe wa Labda, akafikiri, hakuna foleni nyuma ya kumharakisha. Halafu akasogea, akatumbukiza kifuniko chake kwenye Haiwezekani. Kililia mara moja tu ndani ya mkebe.

"Akinyi, mbona hapo?"

"Ile ya mama tuliweka kwa Labda."

Hakuwa analia. Alinieleza kama anavyonieleza hesabu yoyote. Shangazi akaita, akaenda.

Nilimwekea nafasi kwenye dawati muhula uliofuata. Watoto wengine wakitaka kukaa pale nawafukuza, mpaka mwalimu mkuu akaniambia sasa inatosha.

Mwaka mwingine Nyar Ugenya alirudi peke yake, akaendelea na makaa yake pale pale. Nilipita mbele yake asubuhi nyingi bila kuongea. Siku moja akaniita, akanipa makaa kwenye karatasi, akakataa nimlipe. Nikamuuliza habari za mtoto. Akasema yuko mzima, anamsaidia nyanya yake, anachota maji, shule ni mbali. Hakuniangalia machoni. Wala mimi sikuwa na hasira naye tena, zilikuwa zimeisha. Baada ya hapo alihama na sikumpata tena wa kumuuliza.

Najua kuna mtu ataniuliza inbox kama niliacha kufundisha yale mambo. Sikuacha. Ila grafu za watu sikufanya tena, nilibaki na mvua na jua. Na ile mikebe niliibadilisha, ule wa Haiwezekani nikauweka kando.

Somo nililopata ni hili, na ninawapa walimu na wazazi wote humu bure. Tatizo halikuwa kusema Labda. Tatizo ni kwamba nilikuwa na mkebe mmoja tu wa Labda. Kuna labda kubwa, kama mvua ya mwezi wa nne. Na kuna labda ndogo sana, ya kujificha kwenye kucha, lakini bado ni labda. Mtoto anaweza kuelewa hilo, nimeshaona baadaye kwa macho yangu. Kama Akinyi ningemfundisha ukubwa wa labda, angejua kwamba ya mama yake ilikuwa ndogo toka mwanzo, na hakuna aliyemdanganya. Na angejua kwamba ya kwake yeye haikuwa lazima iishie sawa na ya mama yake. Semina haikufika huko, na mimi sikuwaza.

Basi, wakuu, uwanja ni wenu. Nataka hasa kusikia waliokulia Kibera au Kawangware miaka ile, na wale ambao kwao mtu hahesabiwi: mngefanyaje? Wa kunitukana pia nafasi ipo, nilishatukanwa na watu wenye uchungu zaidi yenu.

Na la mwisho silo la wakuu.

Akinyi, jina si lako lakini ukisoma utajijua. Utakuwa mama mtu mzima sasa. Shule ilipobomolewa miaka ya baadaye niliondoka na ule mkebe wa Haiwezekani, upo hapa nyumbani, karatasi imechanika lakini herufi zinasomeka. Kifuniko chako kimo ndani, kimepata kutu. Nimetaka kukitoa mara nyingi nikitie kwenye Labda, hata ile ndogo kabisa. Sijakigusa. Ulikiweka kwa mkono wako, na kwa desturi yenu na yetu, hakuna mwingine anayeruhusiwa kukihamisha.

Njoo ukihamishe mwenyewe.